Istilahi Hufia Wapi? Funzo la Daftari za Wamaratha

Majuzi mwanafunzi wangu aliniuliza: "Prof, kwani istilahi zetu zikishaundwa hufia wapi?" Nilimjibu kwa kisa cha Wamaratha wa magharibi mwa India.

Shivaji alitawazwa kuwa mfalme huko Raigad mwaka wa 1674. Kwa muda mrefu, shughuli za serikali katika eneo hilo zilikuwa zimesheheni maneno ya Kiajemi na Kiarabu. Shivaji akamwagiza Raghunath Pandit atunge kamusi, Rajyavyavaharakosha, ya kuyabadilisha kwa Kisanskriti. Hata mawaziri wake wanane walipewa vyeo vipya. 'Peshwa', waziri mkuu, akawa 'mukhya pradhan'. 'Dabir', aliyeshughulikia mambo ya nje, akawa 'sumant'.

Je, kamusi ilifua dafu? Nusu nusu tu. Katika karne ya 18, watawala halisi wa dola hiyo walikaa Pune, na watu waliwaita kwa jina lilelile la kale: Peshwa. Hifadhi ya nyaraka zao nayo ikaitwa Peshwa Daftar. Maneno yote mawili yalitoka kwa Kiajemi! Hilo la pili ni ndugu wa 'daftari' letu.

Hata hivyo, Kimarathi hakikudhoofika kwa kukopa. Makarani walikitumia kila uchao kuandika kodi za vijiji, mishahara ya askari na hukumu za kesi. Waliandika kwa hati ya Modi, yenye herufi za kuunganishwa ili mkono uende mbio. Waingereza walipomwangusha Peshwa mwaka wa 1818, walizirithi daftari hizo na kuzitegemea kujua nani alistahili ardhi gani. Katika karne ya 20 hati ya Modi iliachwa. Leo mamilioni ya karatasi yamo Pune, ila wawezao kuzisoma ni wachache mno.

Nasi je? Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Istilahi za ofisini tunazo: kumbukumbu za mkutano, hati miliki, stakabadhi. Lakini fungua faili katika ofisi nyingi za umma uone zimeandikwa kwa lugha gani.

Basi jibu langu kwa mwanafunzi yule ni hili: istilahi haifi kwa kuwa mbaya, wala haiponi kwa amri ya mfalme. Hufia kabatini, ndani ya kamusi, ikimngoja karani asiyekuja.