Jipu la shina la ubongo

Jipu la shina la ubongo ni mkusanyiko wa usaha unaosababishwa na bakteria katika sehemu inayounganisha ubongo na uti wa mgongo. Ni adimu hata miongoni mwa majipu ya ubongo, na mara nyingi hukaa kwenye sehemu ya shina hilo iitwayo ponsi, yenye urefu wa takribani sentimita 2.5 tu. Humo hupita njia za fahamu zinazoendesha mikono na miguu. Chini yake, kwenye sehemu iitwayo medula, ndipo pumzi inapoongozwa.

Bakteria, hasa streptokokasi na stafilokokasi, husafiri kwa damu kutoka kwenye mapafu, meno au moyo wenye tundu la kuzaliwa, au hupenya kutoka kwenye sikio linalotoa usaha kwa muda mrefu.

Dalili ya kumshtua daktari ni kupooza kwa mshazari: uso umepinda upande mmoja, mkono na mguu vimelegea upande wa pili. Mgonjwa huona vitu viwiliviwili, hutapika, hupaliwa na maji. Homa huweza kukosekana, ndiyo maana ugonjwa hudhaniwa kuwa kiharusi. Kijana mwenye hali hiyo asirudishwe nyumbani na dawa za malaria.

Mkazi wa Kurasini, Dar es Salaam, kwa kawaida huanzia zahanati, hupewa rufaa Hospitali ya Temeke, kisha Upanga, kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), ambako wapo mabingwa wa upasuaji wa ubongo. Kipimo kinachofaa zaidi ni MRI, kwa kuwa mifupa ya kisogoni huharibu picha ya CT-skani. Kuchoma sindano mgongoni kutoa maji ni hatari: ubongo uliovimba huweza kushuka na kujibana.

Damu huchukuliwa kuoteshwa vimelea, lakini dawa hazisubiri majibu. Mtu mzima huanzishiwa seftriaksoni gramu 2 kila saa 12 pamoja na metronidazoli, kwa mshipa, wiki 6 hadi 8. Kifua kikuu (TB) na VVU navyo hupimwa, kwa sababu uvimbe wa TB au wa kimelea cha toksoplasma hufanana na jipu kwenye picha.

Jipu kubwa, au lisilopungua kwa dawa, hufyonzwa kwa sindano nyembamba inayoongozwa na picha kupitia tundu dogo la fuvu. Usaha uliotolewa hupimwa maabara na dawa hurekebishwa. Picha hurudiwa hadi jipu linywee, na sikio, jino au moyo ulioleta maambukizi hutibiwa, vinginevyo jipu huweza kurudi.