Msichana wa miaka 14 kwenye theluji ya Boston

Wadau, nipo likizo nyumbani Kihagara, na mtandao wa huku mnaujua, kwa hiyo mkiniona kimya msidhani nimewasusa.

Juzi jioni tulikuwa tumekaa mchangani tukingoja mitumbwi, nikamwonyesha binti wa dada yangu video niliyoihifadhi kwenye simu. Wasichana wanateleza kwa viatu vya chuma juu ya ziwa la St. Moritz, Uswisi, lililoganda. Ni Olimpiki ya Vijana ya majira ya baridi, Januari 2020. Mara nyingi mchezo huo huchezwa wawili wawili, kila mmoja na njia yake, na saa ndiyo inayoamua. Hii ni tofauti. Wote wanaanza pamoja, wanabanana, wanaviziana, halafu mzunguko wa mwisho ndipo washindi watatu wanapojulikana.

"Mjomba, hizi si mbio za nyika tu?" akaniuliza. Halafu: "Na hilo ziwa halipasuki?"

La ziwa lilikuwa rahisi, nikamwambia juu ya barafu ya ziwa hilo hilo watu hushindanisha hata farasi. La nyika ndilo lililoninyima usingizi, maana lilinikumbusha Boston.

Mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalianza mwaka 1973 huko Waregem, Ubelgiji. Wavulana chini ya miaka 20 walikuwa na mbio zao tangu siku hiyo. Wasichana wa umri huo wakasubiri hadi 1989, kule Stavanger, Norway. Miaka 16! Sijui waliokuwa wakipanga ratiba walidhani wasichana wanafanya nini muda wote huo.

Mlango ulipofunguliwa, haikuchukua muda. Machi 1991, mjini Antwerp, Mkenya Lydia Cheromei alishinda akiwa na miaka 13. Soma tena: 13. Umri wa mtoto wa darasa la saba, na ni bingwa wa dunia.

Mwaka uliofuata mashindano yakaenda Boston, Marekani, kwenye bustani ya Franklin Park. Njia ilikuwa na theluji. Mstari mmoja, wasichana wote pamoja, kama wale wa St. Moritz, ila hawa walikuwa na miguu yao tu. Akashinda Paula Radcliffe wa Uingereza, miaka 18, ambaye baadaye alikuja kushika rekodi ya dunia ya marathoni. Wa pili Wang Junxia wa China, miaka 19, ambaye mwaka 1993 alikimbia mita 10,000 kwa dakika 29:31.78. Wa tatu nani? Cheromei, miaka 14, mtoto wa Baringo. Waliozaliwa na theluji wakamwona mgongo, isipokuwa hao wawili. Siku hiyo hiyo John Ngugi alichukua taji lake la tano kwa wanaume, naye ni mtu wa nchi ya jua.

Nisiwafiche yaliyofuata. Mwaka 2005 Cheromei alikutwa na dawa iliyokatazwa, akafungiwa miaka miwili. Lakini alirudi, na mwaka 2012 kwenye marathoni ya Dubai akamaliza kwa saa 2:21:30, miaka 21 baada ya Antwerp. Mimi doa lake silifuti, ila na miguu yake siwezi kuikana.

Kwetu je? Tukihesabu mashujaa tunataja Akhwari, Bayi, Nyambui. Theresia Dismas, aliyetuletea medali ya fedha ya mkuki kutoka Brazzaville mwaka 1965, tunamruka. Nimewahi kumruka mimi mwenyewe, kwenye makala niliyoandika gazetini, na hakuna msomaji hata mmoja aliyelalamika.

Huyu binti yetu mwaka jana alikuwa wa kwanza mita 800 kwenye michezo ya shule za kata, pekupeku. Safari ya kwenda kushindana wilayani, Mbamba Bay, ikakwama kwa nauli. Mbamba Bay, wadau, si Boston. Nilipomwambia Cheromei alikuwa na miaka 13, akanyamaza kidogo akihesabu kwa vidole.

"Mimi natimiza Agosti," akasema.

Mitumbwi ikaonekana, akaacha simu yangu mchangani, akakimbia kuipokea.