SAYANSI: Jinsi mwanga wa taa unavyoweza kuyapunguzia mawimbi ya redio mzigo

KADIRI idadi ya simu, tarakilishi na runinga zinazotumia intaneti inavyoongezeka, ndivyo nafasi ya mawimbi ya redio inavyozidi kuwa finyu.

Mawimbi hayo hutegemewa na vituo vya utangazaji, kampuni za simu, ndege, meli, polisi na vifaa vya Wi-Fi vya nyumbani. Kila mtumiaji hutengewa masafa yake, na mengi ya yale yanayofaa kwa simu tayari yana wenyewe. Watu wengi wanapotumia masafa mamoja mahali pamoja, kila mmoja huambulia sehemu ndogo. Hii ni mojawapo ya sababu zinazofanya mtandao uzorote nyakati za jioni katika majumba ya ghorofa yenye wapangaji wengi.

Ni kutokana na hali hiyo ambapo wanasayansi wamekuwa wakitafuta namna ya kuhamishia sehemu ya mzigo huo kwenye mwanga wa kawaida, ule utokao katika taa ya dari. Teknolojia hiyo hujulikana kama Li-Fi, jina lililoenezwa na Profesa Harald Haas, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, katika hotuba aliyoitoa mjini humo Julai 2011. Mbele ya hadhira, alitumia taa ya mezani kurusha video hadi kwenye tarakilishi. Alipoukinga mwanga kwa mkono, video ilisimama.

Tangu siku hiyo, Li-Fi imesifiwa kupita kiasi na baadhi ya watu na kupuuzwa na wengine. Inafaa basi kueleza inafanya nini hasa, na haiwezi kufanya nini.

Wazo lenyewe si geni

Mnamo 1880, jijini Washington, Alexander Graham Bell na msaidizi wake Charles Sumner Tainter walifaulu kupeleka sauti ya mtu kwa kutumia miale ya jua. Msemaji alinena nyuma ya kioo chembamba, kioo kikatikisika kwa sauti yake, na miale iliyoakisiwa ikabadilika nguvu kulingana na mtikisiko huo. Mita zipatazo 213 kutoka hapo, kifaa chenye madini ya seleni kiliyageuza mabadiliko hayo kuwa sauti.

Bell, ambaye ulimwengu humkumbuka kwa simu, alikiona chombo hicho kuwa uvumbuzi mkubwa kuliko simu yenyewe. Hata hivyo, hakikufika mbali. Mawingu na mvua vilikikatiza, na hapakuwa na taa ambayo ingeweza kuchukua nafasi ya jua kwa kazi hiyo.

Taa hiyo ilipatikana zaidi ya karne moja baadaye. Katika miaka ya mapema ya 1990, wanasayansi Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walifanikiwa kutengeneza diodi itoayo mwanga wa buluu wenye nguvu, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Diodi hiyo ndiyo iliyozaa taa nyeupe za LED zinazotumika leo majumbani, ofisini na barabarani. Mapema miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Keio, nchini Japani, walianza kuchunguza iwapo taa hizo zingeweza kuangaza na kupeleka ujumbe kwa wakati mmoja.

Namna taa inavyopeleka ujumbe

Balbu ya zamani hutoa mwanga kwa waya uliopashwa moto, na waya haupoi upesi. LED hutofautiana nayo kwa kuwa huitikia mabadiliko ya umeme papo hapo. Inaweza kuongezwa na kupunguzwa nguvu mamilioni ya mara kwa sekunde, kasi ambayo jicho la binadamu haliwezi kuitambua. Aliyeketi chumbani huona mwanga uliotulia.

Mabadiliko hayo ndiyo yanayobeba ujumbe. Katika mpango ulio rahisi zaidi, mwanga mkali huwakilisha tarakimu 1 na mwanga hafifu huwakilisha 0. Kifaa cha kuhisi mwanga kilichounganishwa na tarakilishi huzisoma tarakimu hizo na kuzirejesha kuwa maandishi, sauti au picha.

Mwanga na mawimbi ya redio ni wa jamii moja. Tofauti yao ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde. Mawimbi ya redio hukomea mitikisiko bilioni 300, ilhali mwanga unaoonekana huanzia takriban trilioni 400 hadi trilioni 790. Ukilinganisha upana wa maeneo hayo mawili, lile la mwanga ni kubwa zaidi ya mara 1,000. Isitoshe, hakuna anayehitaji leseni ya masafa ili kuwasha taa.

Hapa ndipo penye kosa la wengi. Upana huo haumaanishi kwamba taa ya dari itakupa intaneti yenye kasi mara 1,000. LED nyeupe ya kawaida ni diodi ya buluu iliyopakwa unga wa manjano unaong'aa, na unga huo huchelewa kuzimika. Ukiutegemea mwanga wote kama ulivyo, taa huweza kubadilika vyema mamilioni machache tu ya mara kwa sekunde. Kifaa kinachopokea kikichuja na kusoma mwanga wa buluu pekee, kiwango hicho hufika karibu milioni 20.

Watafiti wameukabili upungufu huo kwa diodi ndogo mno, na kwa kutumia rangi kadhaa kwa pamoja, kila rangi ikibeba shehena yake. Mnamo 2014, kundi lililomshirikisha Haas lilitangaza kupitisha gigabiti 3 kwa sekunde kwa diodi moja ndogo. Hayo, hata hivyo, yalifanyika maabarani, si katika sebule ya mtu.

Udhaifu uliogeuka nguvu

Faida kuu ya mwanga imo katika jambo ambalo wengi hulitaja kama kasoro yake: mwanga haupiti ukutani.

Mawimbi ya Wi-Fi hupenya kuta na kugongana na ya jirani, hivyo vyumba kumi vinaweza kulazimika kugawana nafasi moja. Kwa mwanga, kila chumba kina nafasi yake kamili. Katika ukumbi mpana, hata taa moja moja inaweza kuwahudumia walio chini yake pekee bila kuwaingilia walio chini ya taa nyingine. Taa moja huenda ikabeba kidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba, na jumla ya jengo zima huwa kubwa.

Sifa hiyo pia humzuia mdukuzi aliyeketi nje kunasa mawasiliano kwa urahisi, ijapokuwa mwanga unaovuja dirishani au chini ya mlango bado unaweza kusomwa. Vilevile, mwanga hauingilii vyombo vinavyoathiriwa na mawimbi ya redio. Chini ya bahari, ambako maji ya chumvi huyameza mawimbi ya redio upesi, mwanga wa buluu na kijani husafiri mbali zaidi.

Kasoro nazo zipo. Mtu akipita kati ya taa na kifaa, mawasiliano huweza kukatika. Simu iliyo mfukoni haipokei chochote. Jua kali hukivuruga kifaa cha kupokea. Isitoshe, mawasiliano ni ya pande mbili: taa inaweza kukutumia ujumbe, lakini wewe utaujibu vipi? Hakuna anayetaka simu inayommulika usoni kila anapoandika barua pepe.

Kwa sababu hiyo, mitambo mingi hurejesha ujumbe kwa miale ya infraredi, ambayo jicho haliioni. Kanuni ya kimataifa ya IEEE 802.15.7, iliyotolewa mwaka 2011, ilihusu mwanga unaoonekana. Ile ya 802.11bb, iliyoidhinishwa mwaka 2023 ili kuiingiza Li-Fi katika familia ya Wi-Fi, iliegemea infraredi ya nanomita 800 hadi 1,000, kwa kasi ya kuanzia megabiti 10 hadi gigabiti 9.6 kwa sekunde. Miale hiyo hufanya kazi hata taa za chumba zikiwa zimezimwa.

Afrika Mashariki na mwanga

Wakenya wamekuwa wakitegemea mwanga usioonekana kwa muda mrefu. Kebo za baharini za TEAMS na SEACOM, zilizofika Mombasa mwaka 2009, hupitisha intaneti kwa miale ya infraredi ndani ya nyuzi za kioo.

Miale kama hiyo inaweza pia kusafiri hewani. Mnamo 2020, mradi wa Taara wa kampuni ya Alphabet ulitangaza kuanza kazi nchini Kenya pamoja na kampuni ya Liquid Telecom, ukirusha miale myembamba kati ya minara. Mwaka 2021, mradi huo uliunganisha Brazzaville na Kinshasa juu ya Mto Kongo, umbali wa kilomita 4.8, mahali ambapo kebo ingelazimika kuzunguka zaidi ya kilomita 400. Katika siku 20, karibu terabaiti 700 zilivuka mto.

Mfano huo unaonyesha mipaka ya taa ya dari. Li-Fi hubeba mawasiliano katika mita chache za mwisho tu. Nyuma ya balbu lazima pawepo umeme usiokatika na kebo inayoleta intaneti hadi jengoni. Kijiji kisicho na viwili hivyo hakitaokolewa na balbu, hata ikiwa ya kisasa namna gani.

Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na wauzaji wa taa hizi hawatatofautiana na wengine. Shule, hospitali au ofisi inayofikiria kuzinunua haina budi kuuliza maswali matatu. Je, msongamano wa Wi-Fi ndio tatizo lake, au ni kebo dhaifu inayoingia jengoni? Je, tarakilishi na simu zake zina vifaa vya kupokea mwanga, ikizingatiwa kuwa nyingi mno zinazouzwa madukani hazina? Na mtu anapotoka chumbani akiwa bado mtandaoni, je, Wi-Fi itampokea?

Jibu la swali la mwisho ndilo linaloeleza nafasi halisi ya teknolojia hii. Wi-Fi na minara ya simu vitabaki kwa anayetembea. Mwanga utamhudumia aliyeketi mahali pamoja, na kwa kufanya hivyo utawaachia wengine nafasi hewani.