Nyuki na Buhtani ya Sinema

Mwaka jana kundi la nyuki lilitua kwenye mwembe wa jirani yetu, likaning'inia tawini mfano wa kilemba. Kabla sijafika, vijana walikwisha kulimwagia mafuta ya taa na kulitia moto. Nilipouliza kosa la viumbe wale, mmoja akanijibu, "Maalim, hawa ndio wale wauaji wa kwenye sinema."

Nilihuzunika sana. Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza kuuawa nyuki. Tena mimi nafuga nyuki tangu ujana wangu, na najua kwamba kundi lililohama halina majana wala asali ya kulinda. Kila nyuki ameshiba asali aliyotoka nayo, na ni nadra kuuma.

Basi hilo jina la "wauaji" limetoka wapi? Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia wa nyuki kutoka Afrika, wengi wao Afrika Kusini, kwa kuwa nyuki wa Ulaya hawakustawi vyema katika joto la kwao. Mwaka 1957, huko Rio Claro, vizuizi vya kuwazuia malkia wasitoke mizingani viliondolewa, na makundi 26 yakatoroka. Yakachanganyika na nyuki wa Kizungu, yakaenea kaskazini hata kufika Texas mwaka 1990. Ni kweli kwamba ni wakali nyumba yao ikiguswa, na watu wamekufa. Insafu haituruhusu kuficha hilo. Lakini sumu ya mmoja wao haizidi ya nyuki wa Ulaya. Tofauti ni kwamba hutoka wengi na kufuata mbali. Wafugaji wa Brazil walijifunza kukaa nao, wakavuna asali nyingi.

Hollywood haikungoja wafike. Mwaka 1976 ilitoka The Savage Bees, na mwaka 1978 The Swarm, ambamo nyuki wanaangusha helikopta na kulipua mtambo wa nyuklia, na mwisho wanavutwa baharini wakateketezwa kwa mafuta. (Vijana wetu hawakubuni jambo jipya!) Lililonistaajabisha zaidi ni maandishi ya mwisho wa filamu hiyo, yanayotangaza kwamba nyuki wa Kiafrika aliyeonyeshwa hana uhusiano wowote na nyuki wa Marekani, mchapa kazi anayestawisha mazao ya taifa. Hebu fikiri! Huyo wa Marekani naye ni mgeni, aliletwa Virginia na Waingereza mwaka 1622, na mwiba anao. Huyu akapewa cheti cha tabia njema, yule akaitwa mwuaji kwa jina la bara lake. Kwetu sisi neno kama hilo huitwa buhtani.

Filamu ya watoto, Bee Movie ya mwaka 2007, haina ubaya huo, ila wanaokwenda mauani humo ni madume! Dume la nyuki halina mwiba wala halikusanyi kitu. Kazi yote ni ya majike. Asomaye Suratun-Nahl kwa Kiarabu huona kwamba nyuki amesemeshwa kwa kauli ya kike.

Filamu niliyoipenda ni Honeyland ya mwaka 2019, ya mwanamke wa Kituruki wa Masedonia ya Kaskazini, Hatidže Muratova. Akirina huchukua nusu, na nusu huwaachia nyuki. Wanahamia majirani wenye haraka ya kuuza, wanakamua yote, na nyuki wao wenye njaa wanavamia mizinga ya yule mama. Hayo nimeyaona kwa macho yangu katika mashamba yetu.

Niliwaita wale vijana wa mwembeni tukaitazama pamoja barazani. Walikaa kimya mpaka mwisho. Kisha yule aliyenijibu siku ile akauliza nitarina lini. Nikamwambia aje baada ya Isha, avae nguo nyeupe, na asijipake uturi.