Peugeot ya safu tatu: Gari la familia lililogeuka matatu Embu na Meru

Katika miaka ya 1970 na 1980, msafiri wa Embu au Meru aliyekuwa na haraka hakusubiri basi. Alijibana ndani ya Peugeot ya stesheni wagoni, ambayo wengi waliiita Pijo tu, nayo iling'oa nanga mara viti vilipojaa. Gari hilo halikubuniwa kwa kazi hiyo. Lilichorwa kwa ajili ya wazazi wa Ufaransa wenye watoto wengi, na sababu ya kudumu kwake katika mabonde ya Mlima Kenya imo katika mambo machache yaliyobadilishwa nyuma ya mgongo wa dereva.

Ukoo huo unaanzia kwa 403 ya mwaka 1955, Peugeot ya kwanza kuchorwa na kampuni ya Pininfarina ya Italia. Umbo lake lilikuwa la mviringo. Mwaka 1960 ikaja 404 yenye mistari iliyonyooka na mapezi madogo nyuma. Katika saluni, umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ulikuwa mita 2.65; katika stesheni wagoni ukawa mita 2.84. Sentimita hizo 19 ndizo zilizotoa nafasi ya safu ya tatu ya viti. Nchini Kenya, sifa za 404 zilienezwa na mbio za Safari Rally, ilizoshinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Baada ya hapo mnunuzi hakuhitaji tangazo.

504 ilizinduliwa mwaka 1968 ikiwa na taa pana zilizochongoka pembeni na buti iliyoinama, na mwaka 1969 ikatangazwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Tofauti kubwa, hata hivyo, haikuonekana kwa nje. Magurudumu ya nyuma ya saluni yalipanda na kushuka kila moja peke yake, jambo lililompa abiria starehe. Stesheni wagoni ya mwaka 1971 ilinyimwa starehe hiyo. Ilipewa ekseli moja nzima yenye springi nne za koili, na urefu wa mita 2.90 kati ya magurudumu. Wahandisi walipendelea mzigo, na kwa barabara za huku hawakukosea. Kabla ya lami ya miaka ya 1980, safari ya kutoka Embu kupitia Chuka hadi Meru ilikuwa ya kuteremka na kupanda mabonde ya mito kama Thuci, Nithi na Mutonga, katika udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni wakati wa masika.

Siasa na kahawa zilikamilisha kazi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu. Baridi kali ya mwaka 1975 iliharibu mibuni ya Brazil, bei ikapanda, na fedha zikafika vijijini. Peugeot nazo zikaunganishwa Mombasa katika kiwanda cha AVA. Viti saba vya familia vikageuka tisa, wakati mwingine zaidi. Ekseli ilivumilia, lakini breki na milango haikuwa imekadiriwa kwa umati huo.

505 ilifuata mwaka 1979, na stesheni wagoni yake mwaka 1982 ikiwa na viti vinane. Ilikuwa ya mwisho wa aina hiyo. Uundaji wake Ufaransa ulikoma mwaka 1992, na hapa nchini Nissan za abiria 14 zikachukua njia. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizotekelezwa kuanzia Februari 2004, zilidai mkanda kwa kila abiria na kidhibiti mwendo kwa kila matatu.

Mrithi wa Pijo mashinani ni Toyota Probox, iliyotoka mwaka 2002 ikikusudiwa kubebea mizigo midogo ya makampuni ya Japani. Ina viti vitano tu. Abiria wanaozidi huketi katika buti, mahali ambapo 504 ilikuwa na kiti halisi.

Mwaka 2017 Peugeot zilianza tena kuunganishwa Kenya, safari hii katika kiwanda cha KVM, Thika, kandokando ya njia ile ile ya kwenda Embu. Zilikuwa 508 na 3008, zote za safu mbili za viti.