Kinga ya sumu ya viwavi

Kinga ya sumu ya viwavi ni njia ambayo baadhi ya mabuu ya vipepeo na nondo hutumia kujilinda kwa sumu ya mimea wanayokula. Viwavi hao hawatengenezi sumu hiyo wenyewe, bali huipata katika majani na kuihifadhi mwilini. Mfano unaojulikana barani Afrika ni kiwavi wa kipepeo Danaus chrysippus, ambaye hupatikana pia Asia na kusini mwa Ulaya.

Chakula na sumu

Jike hutaga mayai moja moja juu ya mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa, kwa mfano spishi za Calotropis na Gomphocarpus. Utomvu huo huwa na kardenolidi, yaani sumu zinazozuia pampu ya sodiamu na potasiamu katika seli na kuvuruga mapigo ya moyo. Katika Danaus plexippus wa Amerika, ndugu wa karibu wa spishi hii, pampu hiyo imebadilika umbo kidogo, kwa hiyo sumu haishiki barabara.

Mmea una silaha nyingine pia: utomvu hunata, na kiwavi mdogo akinaswa huweza kufa. Kiwavi mkubwa hukata kwanza mshipa wa jani ili utomvu uvuje, kisha hula sehemu iliyo mbele ya mkato.

Rangi za onyo

Kiwavi ana milia myeusi na myeupe, madoa ya manjano na jozi tatu za nyuzi nyeusi mgongoni. Sumu hubaki mwilini hata akishakuwa kipepeo. Katika miaka ya 1960 Lincoln Brower wa Marekani alionyesha kwamba ndege waliokula Danaus plexippus waliokuzwa kwa mimea yenye sumu walitapika, na baadaye wakawakataa vipepeo wa rangi hiyo. Waliokuzwa kwa kabichi waliliwa bila madhara.

Mipaka ya kinga

Si kila mmea wa chakula una kardenolidi nyingi. Kwa hiyo baadhi ya Danaus chrysippus hawana sumu ya kutosha, lakini hukingwa na rangi wanazoshiriki na wenzao. Jike wa Hypolimnas misippus huiga rangi hizo ingawa hana sumu. Wasio na sumu wakizidi, ndege hujifunza kuwala na onyo hupoteza nguvu.

Tena sumu haizuii kila adui. Nzi na nyigu fulani hutaga juu ya viwavi au ndani yao, na mabuu yao humla kiwavi kutoka ndani angali hai.