Nani Aliubeba Mzigo wa PPLive?

Mnaotazama mpira mabwenini huenda hamuikumbuki PPLive. Ilianzia Wuhan, China, mwaka 2004, mikononi mwa wanafunzi. Kila mtazamaji alikuwa pia mrushaji: kompyuta yake ilipokea vipande vya video na kuwagawia wengine. Usiku wa 28 Januari 2006, mkesha wa Mwaka Mpya wa Kichina, zaidi ya watu 200,000 walitazama tamasha kwa pamoja.

Wenyewe hawakutangaza ndani kuna nini. Keith Ross na wenzake wa Polytechnic University, Brooklyn, wakaupima mtandao huo kwa nje: programu moja iliuliza kila kompyuta majirani zake ni nani, nyingine ikanasa data zinazoingia na kutoka. Kumbe stesheni zisizopendwa zilichelewa kufunguka hata dakika mbili, na mtu angeweza kushangilia goli dakika nzima kabla ya jirani yake. Uchungu ulikuwa kwingine. Kompyuta za vyuoni, zenye intaneti ya kasi, zilitoa data nyingi kuliko zilizopokea. Za majumbani zilitoa kidogo tu. Gharama hiyo vyuo viliibeba bila kuulizwa.